Mistari ya Makaa

Kwenye mwimo wa mlango wa nyumba ya bibi yetu, kijijini Pete, pembezoni mwa msitu wa Jozani, kuna mistari ya makaa. Kila siku ya Idd, baada ya kuvaa nguo mpya na kabla ya kupewa mkono wa Idd, tulisimama pale mmoja mmoja, visigino vimegusa ubao. Bibi alilaza mwiko juu ya utosi, akachora mstari. Makaa yenyewe ilibidi yafichwe ndani, maana kima punju wa msituni walikuwa wakija jikoni kuyaiba na kuyala. Watalii wakiambiwa habari hiyo hucheka, lakini ni kweli. Mwaka 1997 watafiti waliandika kwamba kima hao hula makaa, na kwamba huenda yanawapunguzia makali ya kemikali zilizomo kwenye majani ya miembe na mikungu.

Mistari yangu ilipanda kama ngazi. Ya mdogo wangu, niliyempita miaka mitatu, ilipanda vizuri mpaka alipofika miaka sita, kisha ikaanza kubanana. Idd ya mwaka 2006 alikuwa na miaka kumi, na mstari wake mpya uliangukia karibu juu ya ule wa mwaka uliopita. Bibi alitazama mara mbili. Hakusema kitu. Alimpa mkono wa Idd mkubwa kuliko wangu, na hapo nikajua kuna jambo.

Skuli walimwita Kiduchu. Wengine walimwita Mbilikimo. Na mimi nilimwita hivyo, mara moja, mbele ya wenzangu, ili wacheke. Walicheka.

Babu alikuwa na dawa yake ya maneno. Alimwambia: "Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara. Lakini nani alimcheka?" Wataalamu wanakubaliana naye. Bahari ilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu, kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita, Unguja ilitengwa na bara na chui wake wakabaki humu. Mwaka 1932 Reginald Pocock wa London alimtambulisha chui wetu kitaalamu kuwa wa aina ya pekee. Mdogo wangu alimpenda sana chui huyo. Hakumsaidia lakini kufikia kitasa cha juu cha dirisha la darasa.

Mwaka 2007 mama alimpeleka mjini, kwenye kliniki moja ya kulipia. Nilifuatana nao. Tulipanda gari ya Makunduchi alfajiri na saa tatu asubuhi alikuwa keshatolewa damu, chupa moja. Baada ya wiki mbili tulipewa karatasi yenye tarakimu iliyokaribia sifuri, na maneno ambayo mama aliyabeba mpaka nyumbani: "Tezi yake haifanyi kazi. Homoni ya ukuaji hana." Dawa ilikuwapo, sindano kila siku kwa miaka, na bei yake ilikuwa ya watu wengine. Mama aliuza bangili yake ya dhahabu, akanunua mjini unga wa "kurefusha mifupa" kwa mtu aliyeuza kwa kunong'ona. Unga uliisha. Mstari haukusogea. Mdogo wangu akaanza kukataa skuli. "Kama sina kitu cha kunikuza," alimwambia mama, "nikasome nini?"

Karatasi ile ninayo. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, niliisoma tena na kujiuliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyejua kuuliza: je, tone moja la damu, saa tatu asubuhi, linaweza kujua nini juu ya ukuaji wa mtoto? Jibu limechukua wanasayansi karibu miaka mia moja.

*

Tezi yenyewe inaitwa pituitari. Ina ukubwa wa punje ya mbaazi, nayo imelala kwenye kikombe cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pale pua inapoanzia. Mwaka 1886 daktari wa Kifaransa, Pierre Marie, alieleza ugonjwa wa watu wazima ambao mikono, miguu na taya zao huendelea kukua bila kukoma, akauita akromegali. Walipokufa wagonjwa wa namna hiyo na kupasuliwa, tezi hii mara nyingi ilikutwa imevimba. Mwaka 1921, huko California, Herbert Evans na Joseph Long waliwachoma panya maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za ng'ombe, na panya wakawa majitu. Mwaka 1944 Evans na mwenzake Choh Hao Li wakaitenga homoni yenyewe, safi, kutoka tezi za ng'ombe.

Ilionekana kazi imekwisha. Mtoto mfupi apewe homoni ya ng'ombe, akue. Walijaribu, na watoto hawakukua. Katikati ya miaka ya 1950 Ernst Knobil na wenzake walionesha sababu kwa kutumia nyani: homoni ya ng'ombe haikuwafanya kitu, homoni iliyotoka kwa nyani wenzao iliwakuza. Katika jambo hili mwili wa nyani, na wa binadamu, husikiliza lugha ya jamaa zake tu. Kwa hiyo mwaka 1958, Maurice Raben wa Boston aliandika juu ya kijana wa miaka 17 aliyeanza kurefuka baada ya kuchomwa homoni iliyotolewa kwenye tezi za maiti.

Tangu hapo tezi za maiti zikawa mali. Zilikusanywa vyumba vya maiti vya nchi kadhaa, maelfu kwa maelfu, zikasagwa pamoja, na watoto wengi wakarefuka kwelikweli. Kisha mwaka 1985 vijana waliokuwa wametibiwa hivyo utotoni walianza kufa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoutoboa ubongo ukawa kama sifongo. Baadhi ya maiti walikuwa na maradhi hayo, na kusaga pamoja kuliyasambaza. Marekani na Uingereza zilisimamisha dawa mwaka huo huo. Hesabu ya waliopata ugonjwa huo kwa njia hii duniani ilikuja kupita watu 200, wengi wao Ufaransa. Homoni inayotumika leo hutengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni ya binadamu. Iliruhusiwa Marekani mwaka ule ule wa 1985, na haina hatari hiyo.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga kitabu. Mama alikuwa akijilaumu kwa miaka kwamba alishindwa kununua sindano. Kuna kina mama waliozipata, zile za kale, bure, kwa huruma ya serikali zao.

*

Lakini tezi haijiamulii. Mwaka 1952 Geoffrey Harris wa Uingereza na Dora Jacobsohn waliing'oa pituitari ya panya na kuipandikiza kwingine. Ilipowekwa mahali pengine ilikaa bure. Ilipowekwa chini ya ubongo, pale mishipa midogo ya damu ingeweza kuifikia, iliamka na kufanya kazi tena. Kumbe ubongo humwaga ujumbe kwenye mishipa ile, ujumbe mdogo kiasi kwamba katika damu ya mwili mzima hauonekani. Sehemu inayoutoa inaitwa haipothalamasi.

Ujumbe huo ulitafutwa kwa vita. Roger Guillemin na Andrew Schally, waliowahi kufanya kazi pamoja kisha wakawa mahasimu, walisaga bongo za kondoo na nguruwe kwa malaki ili wapate milligramu chache. Katika maabara ya Guillemin, Paul Brazeau alikuwa akitafuta kitu kinachoiamrisha tezi imwage homoni ya ukuaji. Mwaka 1973 walipata kinyume chake: kitu kinachoizuia. Wakakiita somatostatini. Kiamrishi chenyewe kilichelewa mpaka 1982, na hakikutoka kwenye ubongo hata kidogo. Kilitoka kwenye uvimbe wa kongosho la mgonjwa wa akromegali, uvimbe uliokuwa ukimwaga amri usiyotumwa kuitoa. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani wakaongeza wa tatu, ghrelini, anayetoka tumboni wakati wa njaa na kuisukuma tezi imwage.

Kwa hiyo kuna anayesema "mwaga" na anayesema "zuia", na tumbo nalo lina neno lake. Homoni ikishamwagwa huenda kwenye ini, na ini hutoa kitu cha pili, IGF-1, ambacho ndicho kinachofanya kazi kubwa kwenye ncha za mifupa pamoja na homoni yenyewe. Dalili za kitu hicho zilionwa na William Salmon na William Daughaday mwaka 1957. IGF-1 ikitosha hurudi mpaka juu na kumwambia ubongo na tezi: basi.

Sasa turudi kwenye chupa ya damu. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walibuni, mwishoni mwa miaka ya 1950, njia ya kupima homoni chache mno ndani ya damu. Kazi hiyo ilimpa Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977, pamoja na Guillemin na Schally. Berson alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1963 wao na wenzao walionesha kwamba homoni ya ukuaji hupanda ghafla sukari ikishuka na hupanda wakati wa kufunga. Mwaka 1968 Takahashi, Kipnis na Daughaday walikaa usiku kucha na watu waliolala, wakiwatoa damu kidogo kidogo. Wimbi kubwa lilikuja muda mfupi baada ya kushikwa na usingizi mzito. Bibi yetu hakusoma jarida lolote, lakini aliwafukuza watoto barazani kila usiku akisema wakalale wakue.

Mtu wa Chwaka ataelewa haya kuliko profesa. Kwa mama mdogo, Chwaka, bahari hukupwa ikaondoka mbali kabisa, wanawake wakateremka na vigingi na kamba za mwani, mchanga mtupu mpaka macho yanachoka. Baada ya saa sita maji yamerudi, yamejaa, madau yanaelea pale walipokuwa wakitembea. Anayekuja ugenini mara moja tu, maji yakiwa yamekupwa, akapiga picha na kuandika kwamba Chwaka haina bahari, hakusema uongo juu ya alichokiona. Homoni ya ukuaji ndivyo ilivyo: inajaa mara kadhaa ndani ya saa ishirini na nne, na katikati inakupwa ikawa karibu na sifuri. Saa tatu asubuhi, kwa mtoto mzima wa afya, mara nyingi utakuta mchanga.

Ndiyo maana madaktari wanaojua kazi hii huichokoza tezi. Hutoa dawa inayoilazimisha kumwaga, kisha hupima damu mara kadhaa kwa saa mbili au tatu. Au hupima IGF-1, ambayo haipandi na kushuka kwa namna hiyo. Mdogo wangu hakufanyiwa hata kimoja.

*

Kuna sehemu ya pili ya historia hii, nayo ilifanyika huku kwetu.

Wazee wa pwani waliokwenda bara na misafara walirudi na habari za watu wafupi wa misituni, wakawaita Mbilikimo, na jina hilo ndilo nililolitumia kumchekesha mtu. Katika miaka ya 1960 kundi la watafiti, mmoja wao Luca Cavalli-Sforza, lilipima watu wa namna hiyo katika misitu ya Afrika ya Kati. Walitarajia kukuta tezi iliyoshindwa. Walikuta tezi ikichokozwa inamwaga homoni kama ya mtu mwingine yeyote, ila mwili unaijibu kwa uvivu. Mwaka 1966 Zvi Laron wa Israeli alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wafupi sana wenye homoni tele. Baadaye Robert Bailey alifuatilia watoto wa Waefe katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, pamoja na watoto wa majirani zao wakulima, Walese. Kazi hiyo, iliyotoka mwaka 1991, ilionesha kwamba watoto wa Waefe ni wadogo tangu kuzaliwa. Hakuna kilichoharibika kwao. Ni watu wenye umbo lao, kama chui wa babu.

Na kuna Kampala. Katika hospitali ya Mulago palikuwa na kituo cha Waingereza cha kutafiti utapiamlo wa watoto, kikiongozwa na Roger Whitehead. Miaka ya mwanzo ya 1970 walifuatilia watoto wa Uganda waliokuwa wakiteleza kidogo kidogo kuelekea kwashakoo. Mtu angedhani mtoto aliyedumaa, nywele zimekuwa nyekundu na miguu imevimba, hana homoni ya kumkuza. Ikawa kinyume. Kadiri protini ya damu ilivyozidi kushuka, homoni ya ukuaji ilipanda. Pimstone na wenzake, Cape Town, walikuwa wameona vilevile miaka michache kabla: watoto wa kwashakoo walikuwa na homoni nyingi, na walipolishwa protini ikashuka.

Maelezo yake ni ya kusikitisha na ya busara kwa pamoja. Mwili wenye njaa humwaga homoni hiyo kwa sababu husaidia kuyeyusha mafuta yaliyobaki yawe nishati. Ini nalo, likiona hakuna chakula, hukataa kutoa IGF-1. Mifupa inasubiri. Na kwa kuwa IGF-1 haipo ya kurudi juu kusema "basi", tezi inazidi kumwaga. Mtoto amejaa amri za kukua na hana cha kukulia. Ukimchoma homoni zaidi hujamsaidia kitu. Mpe chakula, ini litajibu.

Kwa nchi yetu hili si jambo la vitabuni. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wengi wao hawana kasoro yoyote kwenye tezi. Tezi zao zinasema. Kinachokosekana ni sahani, maji safi, tumbo lisilo na minyoo na kuhara, na mama aliyekula vizuri alipokuwa na mimba. Nimeshasikia watu wenye elimu wakisema "ni maumbile yao", na nimeshasikia wengine wakiuliza bei ya sindano. Makosa yote mawili yanaanzia mahali pamoja: kuutazama ufupi na kudhani tayari unajua ni sehemu gani ya mazungumzo iliyonyamaza.

*

Mdogo wangu alipofika miaka kumi na nne, mjomba aliyekuwa Dar es Salaam alituitia daktari wa watoto. Walivuka kwa boti, yeye na mama. Daktari hakuanza na damu. Alianza kwa kumuuliza mama, "Na baba yake alirefuka lini?" Mama alicheka mara ya kwanza kwa siku nyingi. Baba, kwa maneno ya babu, alikuwa mdogo kuliko wenzake wote mpaka miaka kumi na sita, akaolewa dada yake ndipo suruali zikaanza kumfika ugokoni.

Kisha akapigwa picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Ncha za mifupa ya mtoto huacha nafasi zinazoonekana, na nafasi hizo hujiziba kwa mpangilio unaojulikana, hivyo picha hulinganishwa na nyingine zilizopangwa kitabuni. Kitabu kinachotumiwa sana ni cha Greulich na Pyle, kilichotoka mwaka 1950. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi na moja. IGF-1 yake ilifaa umri wa mifupa yake. Saa yake ilikuwa nyuma, basi. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa kula, kulala, na kurudi kupimwa urefu baada ya miezi sita.

Alianza kukua akiwa na miaka kumi na sita. Si kama katika hadithi: leo ananifika begani, na mimi si mrefu. Lakini alikuwa amekosa skuli karibu miaka miwili, na hiyo hakuna homoni inayoirudisha. Siku nilipomwomba radhi kwa lile jina alisema hakumbuki. Anakumbuka.

Bibi hayupo sasa, mwimo upo. Mdogo wangu hutembeza wageni kwenye daraja la mbao la mikoko hapa Pete, na ana binti wa miaka minne. Idd iliyopita alimsimamisha mlangoni, akalaza mwiko juu ya utosi wake, akachora. Tulitazama sote wawili. Mstari ulikuwa chini kidogo ya wake yeye alipokuwa na umri huo.

"Unaonaje," aliniuliza kwa sauti ndogo, mtoto asisikie, "tumpeleke akatolewe damu?"

Nilimwambia alete kwanza kadi yake ya kliniki. Tuliiweka mkekani, tukafuata nukta zake mwezi kwa mwezi tangu alipozaliwa. Zilikuwa chini, ila zilikuwa zikipanda, kwa mwendo ule ule, bila kubanana.

Aliikunja kadi, akamwita bintiye, akampa mkono wake wa Idd, sawa na wa watoto wengine.